Mahari Yangu ni Chuo

Jumapili, 5 Aprili

Mume wangu. Mume wangu Jamil. Nimeandika mara mbili ili niyaone maneno yenyewe yamekaa kwenye karatasi.

Fungate yetu imekwisha. Siku saba tumefungiwa chumbani tukiletewa chakula kama wafalme, na leo asubuhi Jamil amerudi sokoni Gikomba kuuza mapazia yake. Alipofika mlangoni aligeuka kunitazama. Akageuka tena. Mara ya tatu mama yake akamwambia kutoka uani, "Wewe, unakwenda Gikomba au Makka?" Nilijificha nyuma ya mlango nikacheka mpaka machozi.

Naanza kuandika leo kwa sababu furaha hii nikiiacha kifuani peke yake itanipasua.

Hapa Majengo bado wananisema kwa ajili ya mahari yangu. Sheikh alipokuja mlangoni pa chumba nilimofichwa kuniuliza ninataka nini, kina mama wote walinyamaza wakingoja kusikia dhahabu. Nikasema nataka Jamil anilipie karo ya mwaka mmoja wa mafunzo ya kilimo msitu, na aniruhusu mbele ya mashahidi nisome hadi nimalize. Sheikh akauliza tena kama amesikia vizuri. Aliporudi kwa wanaume, nasikia Jamil hata hakumngoja amalize. "Umesikia vizuri, Sheikh. Andika." Nilikuwa nampenda kabla ya hapo, lakini niliposimuliwa hilo nilimpenda upya, kama mtu aliyelala akaamka akakuta kumekucha mara mbili.

Shangazi Hikma, dada wa marehemu baba yake Jamil, ndiye hakuridhika. "Wenzako huvaa mahari yao shingoni," aliniambia huku akinitengeneza mtandio. "Wewe yako utaivaa wapi? Miguuni, na matope?"

Jumanne, 7 Aprili

Nimerudi chuoni, nilikoanza Januari kwa ahadi ya karo hiyo. Ni kituo kidogo upande wa Kayole, madarasa mawili ya mabati na kitalu kikubwa cha miche chini ya wavu mweusi wa kivuli. Hapo tunafundishwa kupanda miti, mazao na mifugo vikae shamba moja bila kugombana: mti gani hulisha mbuzi, mti gani hurutubisha mahindi, mti gani huyanyang'anya mahindi maji.

Apondi, rafiki yangu wa darasani, alinisikia harufu kabla hajaniona. "Niaje, bibi harusi! Wewe unanukia hadi stage ya matatu!"

Ni kweli. Mama mkwe wangu, Bi Muhiba, ndiye fundi wa mafuta ya maharusi mtaa mzima. Anachemsha nazi mwenyewe, anatia asumini, mlangilangi na vitu vingine ambavyo hamwambii mtu. Katika nyumba yake bibi harusi hupakwa mafuta hayo kila asubuhi kwa miezi mitatu. Hanipi chupa nijipake. Ananikalisha kwenye mkeka, anaanza na nywele, anamalizia na mikono, kidole kimoja kimoja, huku akisoma dua kwa sauti ya chini. Mama yangu mzazi yuko mbali, Mumias. Nikipakwa hivyo nahisi nimezaliwa tena katika nyumba hii.

Na Jamil akirudi jioni hushika mikono yangu akainusa kabla hajavua viatu. Nimesema. Basi.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua usiku kucha. Tulilala tukiisikiliza kwenye mabati. Sina zaidi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mwalimu Teresiah ametutangazia mtihani wa vitendo. Ni kubebesha avokado: unachukua kijiti cha avokado ya kisasa ukakiunga juu ya mche wa kienyeji, ili mizizi iwe ya yule mvumilivu na matunda yawe ya yule mtamu. Kila mmoja wetu atabebesha miche thelathini. Mtahini akija, ishirini iwe hai. Ikipungua, huendi mazoezini na hupati cheti. Unasubiri mwaka mwingine.

Anayefaulu anapelekwa miezi mitatu kwenye kitalu kikubwa cha Matuu, na wanafunzi wengi huajiriwa hukohuko au hurudi wakaanzisha vitalu vyao.

Mimi mwaka mwingine sina. Niliomba karo ya mwaka mmoja nikapewa, na mahari haidaiwi mara mbili. Nikifeli, Shangazi Hikma hatahitaji kusema neno. Atanitazama tu.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo! Leo nimebebesha!

Unaukata mche wa kienyeji, unaupasua katikati kidogo. Unachonga kijiti pande mbili kama kabari, kisha unakiingiza kwenye ule mpasuko. Ngozi ya huku lazima iguse ngozi ya kule, maana uhai uko katika utando mwembamba wa kijani chini ya ganda, na ukikosea kidogo tu hazikutani. Halafu unafunga kwa utepe wa nailoni, unavisha mfuko wa plastiki, unasubiri.

Nilikuwa nikifunga kila mche namwazia Jamil. Yeye mtu wa Majengo, babu na babu, mimi mtoto wa Mumias niliyekuja na sanduku moja. Na sasa tunaitwa watu wa nyumba moja. Nilikuwa nalainisha kila mkato kwa kidole ili ukae sawa. Apondi akasema, "Nuha, hiyo ni miti, si mtoto. Unaibembeleza ya nini?"

Nimemsimulia Jamil yote tukila. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa, kisha akauliza, "Na ule mche wa kienyeji, hauumii?" Mwanamume mwenye moyo kama huo nimempata wapi mimi?

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Jamil ameniletea pazia la zambarau lenye tundu dogo pembeni, hawezi kuliuza. Nimelipenda kuliko yote yaliyo dukani.

Jumatano, 29 Aprili

Tumekwenda Dandora kujifunza kwa kikundi cha kina mama wanaofuga mbuzi na sungura kwenye viwanja vyao vidogo. Wamezungushia sukuma wiki zao ua wa kaliandra, mti mfupi wenye majani laini. Wanakata majani, wanalisha mbuzi, samadi inarudi kwenye sukuma. Kiwanja chenyewe hakizidi chumba chetu na ua wa mama mkwe ukiviunganisha, na kinalisha nyumba tatu.

Nilirudi kichwa kimejaa. Nikamwambia Mama kwamba hata uani kwake pangeota kitu. Akasema, "Uani kwangu panaota nguo zenu." Lakini baadaye nilimwona amesimama pale pale akipima ukuta kwa macho.

Jumatano, 6 Mei

Mtaro umefurika, maji yamefika kizingitini. Jamil na mimi tumeyachota kwa karai tukicheka kama watoto.

Alhamisi, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo tulifungua mifuko ya plastiki. Apondi amepata miche ishirini na minne iliyo hai, machipukizi yamenenepa, mengine yamefungua majani mekundu madogo. Mwenzake wa pembeni ishirini na mmoja. Mimi nikafungua wa kwanza: mweusi. Wa pili: mweusi. Wa tatu kijiti kilitoka mkononi kama jino bovu.

Hai ni minne. Minne kati ya thelathini.

Tulitumia visu vilevile, vijiti vya mti uleule, siku ileile. Mwalimu Teresiah alikuja akainama juu ya miche yangu. Si mtu wa kugomba. Akachukua mmoja, akafungua utepe wote, akaachanisha kijiti na shina, akapitisha kidole pale nilipokata. Kisha akakileta kidole puani. Akanusa. Akanusa tena.

"Nani ametia marashi hapa?"

Darasa zima liliangua kicheko. Apondi alikaa chini kabisa. "Mwalimu, hiyo avokado imeolewa!"

Nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu alinishika mkono, akaugeuza, akaona jinsi ngozi inavyong'aa. "Nuha, haya ni mafuta gani?"

"Ya harusi, Mwalimu. Napakwa nyumbani kila asubuhi."

"Na mkato uliulainisha kwa vidole hivi?"

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. "Mafuta yakiingia pale katikati, utando hauwezi kushikana. Ni kama umewawekea ukuta. Niliwaambia msiguse mkato, na mikono iwe mikavu."

Alituambia kweli. Mimi nilidhani mikono michafu ni ya matope.

Amenipa nafasi moja. Alhamisi ijayo, mimi na wengine wawili waliofeli, tubebeshe upya miche thelathini kila mmoja. Mtahini anakuja mapema Julai, na baada ya hapo hakuna msimu.

Ijumaa, 15 Mei

Nimeosha mikono kwa sabuni ya kufulia. Nimeosha tena. Bado nanukia asumini. Imeingia chini ya kucha, imeingia kwenye ngozi.

Jumamosi, 16 Mei

Shangazi Hikma alikuja kunywa chai. Sijui nani alimwambia, Majengo habari haihitaji miguu. "Nasikia miti yako imekufa," alisema. "Pole. Labda Mwenyezi Mungu anataka utulie nyumbani." Halafu akamtazama Mama kwa jicho ambalo sikulipenda, na Mama akaendelea kumimina chai.

Nimelala nikiwaza jambo baya. Mama alijua ninakwenda kushika miche. Kila asubuhi mikono huifanya mwisho, na huipaka zaidi. Je, kama alitaka nishindwe? Kama yale mafuta ya upendo yalikuwa kamba laini ya kunifunga hapa?

Naona haya kuandika hivi. Lakini nimewaza, kwa hiyo nimeandika.

Jumapili, 17 Mei

Nimemwambia Jamil azungumze na mama yake. Jamil wangu, jasiri aliyemwambia Sheikh "andika", akawa mdogo kama kifaranga.

"Mwambie wewe, roho yangu. Mimi nikimwambia aache mafuta, ataona nimemkataa yeye."

"Na mimi nikimwambia?"

"Wewe anakupenda."

"Jamil, nisikilize. Nikifeli—"

"Najua." Akanishika mikono, akainusa kwa mazoea, kisha akajikamata akaiachia haraka kama imemwunguza. Tulitazamana. Tukacheka, ingawa hatukupenda.

Jumatatu, 18 Mei

Nimemwambia.

Asubuhi alitandika mkeka kama kawaida. Mvua ilikuwa ikinyesha polepole, ile isiyo na haraka. Nikakaa. Alipofika mikononi nikaifumba.

"Mama, naomba nikwambie kitu, na nakuomba usinichukie."

"Sema."

Nikamweleza yote. Mkato, utando wa kijani, kidole cha Mwalimu puani, kicheko cha darasa. Sikumwambia nilichokiwaza juzi. Nilipomaliza alikuwa amekaa na kibakuli cha mafuta mapajani.

"Kwa hiyo mafuta yangu yanaua," akasema.

"Hapana, Mama. Miti tu ndiyo—"

"Yanaua miti." Akafunika kibakuli, akainuka akaenda jikoni. Hakurudi.

Jumanne, 19 Mei

Mama hajasema nami ila salamu. Mkeka haukutandikwa. Nywele zangu kavu, moyo wangu pia.

Jumatano, 20 Mei

Bado. Jamil amekula akaondoka bila kugeuka mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 21 Mei

Niliamka nikakuta mkeka umetandikwa. Sio kibakuli cha mafuta kilichokuwa pale. Palikuwa na beseni la maji ya moto, ndimu zilizokatwa, na majivu ya jiko yaliyochekechwa kwenye kisahani.

"Kaa," Mama akasema.

Nikakaa. Alishika mkono wangu wa kulia, akausugua kwa majivu, kidole kimoja kimoja, kisha kwa ndimu, kisha akausuuza akaunusa. Akarudia. Alikuwa mkali, kucha ziliniuma. Halafu akaanza kusema, kama anaongea na beseni.

"Siku mbili nimekasirika. Kisha jana nilikuwa nachuja mafuta, tone moja la maji likaingia. Unajua tone moja hufanya nini? Chupa nzima huchacha. Nimemfukuza mtoto wa jirani jikoni kwangu kwa sababu ya mkono wenye maji. Nikajiuliza, kwani mimi ninaona kazi ni yangu tu?"

Akanigeuza kiganja.

"Ungeniambia tangu mwanzo kwamba miti yako haitaki mafuta."

"Sikujua, Mama."

"Na mimi sikuuliza." Akaunusa mkono tena. "Bado upo mlangilangi. Lete huo mwingine."

Alinipaka mafuta nywele na miguu, lakini juu ya mikono hakupitisha hata tone. Alinifunga vitambaa safi mikononi kama mgonjwa ili nisiguse nywele njiani. Apondi aliponiona akapiga kelele, "Nuha! Umechapwa?" Mwalimu Teresiah alifungua kitambaa, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Nikabebesha miche thelathini, na sikugusa mkato hata mmoja.

Yale niliyomwazia Mama wiki iliyopita, yamenitoka. Nimeomba msamaha kwa Mungu, kwake naona haya bado.

Jumatano, 27 Mei

Idi ya kuchinja. Pilau, watu, kelele, watoto wamevaa mapya. Jamil amenunua kanzu mpya, ametembea nayo kuanzia hapa hadi barabarani na kurudi bila sababu yoyote ila nimtazame. Nilimtazama.

Jumanne, 9 Juni

Mvua imekatika, baridi imeingia. Chuoni tunavaa makoti kitaluni. Miche yangu haionyeshi chochote. Mwalimu anasema baridi huichelewesha.

Jumatatu, 15 Juni

Haionyeshi.

Ijumaa, 19 Juni

Mmoja! Mmoja una chipukizi dogo kama kichwa cha kiberiti. Nimempigia Jamil simu dukani. Alikuwa na mteja, akasema kwa sauti kubwa, "Mke wangu amepata chipukizi!" na nasikia mteja akampa hongera akidhani ni mimba.

Alhamisi, 25 Juni

Kumi na moja. Baridi kali. Apondi anasema, "Uipulizie tu hewa moto, bibi harusi, wewe si una mapenzi?" Siku hizi ananishikia tochi niangalie majani ya chini.

Jumatano, 1 Julai

Kumi na tisa. Mingine kumi na mmoja ni mikavu, isipokuwa mmoja ambao sijui. Mtahini kesho. Mama ameswali rakaa mbili za sunna na hakuniambia ni za nini. Jamil amenishika usiku wote kama mimi ndiye mche.

Alhamisi, 2 Julai

Mtahini ni Bwana Nzomo, mzee mwembamba mwenye koti refu na sauti ya mtu asiyependa kurudia. Alipita kwa Apondi akaandika. Alipofika kwangu alitembea polepole sana.

Aligusa wa kwanza, akapita. Wa pili, akapita. Alipomaliza akasema, "Kumi na tisa."

Mwalimu Teresiah akakohoa. "Na huyu wa pembeni, Bwana Nzomo?"

Yule nisiyemjua. Kijiti chake kina rangi, lakini chipukizi limekaa tu, halikunenepa vya kutosha. Bwana Nzomo aliinama.

"Huyu sijui kama yuko hai au anajifanya." Akanipa kisu. "Fungua wewe mwenyewe. Ukiona haukushika, useme wewe mwenyewe."

Nikakata utepe, nikauvua polepole. Pale pa mkato palikuwa na uvimbe mdogo, kama kovu la mtoto. Sikujua kama ni uhai au ni uozo.

"Vuta," akasema.

"Nivute?"

"Kijiti kilichokufa hutoka. Vuta."

Nilikishika kijiti kati ya vidole viwili. Nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta tena, mche mzima ukainuka na mfuko wake wa udongo, kijiti kikiwa kimeung'ang'ania. Bwana Nzomo akautwaa, akakwaruza ganda juu ya mkato kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kijani kibichi kinachong'aa.

"Ishirini," akasema. "Si wengi."

"Ni wa kutosha," Mwalimu Teresiah akajibu.

Akaandika. Nikalia mbele ya watu wote, na Apondi akanikumbatia akalia pia, ingawa yeye alikuwa na ishirini na minne na hakuwa na sababu.

Jumatatu naenda Matuu. Miezi mitatu, kurudi Jumamosi na Jumapili. Nimeandika sentensi hiyo, nikaisoma tena. Tangu tuoane sijalala usiku mmoja mbali na Jamil.

Ijumaa, 3 Julai

Kina mama wamekuja kunipa hongera, au kuhakikisha. Shangazi Hikma akakaa katikati ya mkeka.

"Tumefurahi," akasema. "Lakini Muhiba, mkweo anakwenda Matuu miezi mitatu, mume wake atapikiwa na nani? Wewe magoti yako hayafai. Mwanamume atakula mkate kama mjane?"

Wengine wakaguna. Nikamwona Jamil mlangoni, amesimama na kiatu kimoja mkononi, hajui aingie au akimbie. Nikafumbua mdomo nijitetee.

Mama akanitangulia. Alikuwa akikunja kanga, hakuinua hata macho.

"Nilimlea Jamil nikasahau kumfundisha kupika," akasema. "Ni kosa langu, na si la mwenzake. Kuanzia Jumapili anaingia darasani kwangu. Hata mtaala nimeshauandaa."

Jirani mmoja mwenye duka la pembeni akapiga vigelegele, na wengine wakashindwa kujizuia. Shangazi Hikma akaomba chai nyingine. Jamil akavaa kiatu kwenye mguu usio wake.

Jumapili, 5 Julai

Begi langu liko tayari. Jamil amenitilia ndani soksi zake nene, kwa ajili ya baridi ya asubuhi.

Leo somo la kwanza. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na jiko kama Mwalimu Teresiah kitaluni, mikono mapajani, hagusi kitu. Jamil alisimama mbele ya sufuria jasho likimtoka.

"Nazi umekamua?"

"Nimekamua, Mama."

"Mchele?"

"Upo."

"Chumvi?"

Akanigeukia. Macho ya mume wangu yakiomba msaada ni mazuri kuliko kitu chochote duniani, nilikuwa karibu kumwonyesha kwa vidole.

"Usimtazame," Mama akasema. "Yeye keshamaliza mtihani wake. Tia kiasi unachoona, tutajua mezani."

Wali ulitoka bokoboko, chumvi nyingi, chini umeungua. Tuliupakua tukala wote watatu pale uani kwenye baridi, tumejifunika kanga moja mabegani. Nilikula sahani mbili. Jamil hakunyanyua macho mpaka mama yake aliposukuma sahani yake mbele kuomba nyongeza.

"Hajafaulu," Mama alisema. "Lakini ana miezi mitatu."